Noti Iliyopakwa Chokaa

Sogeeni, na anayetafuna amalize kutafuna, maana hadithi hii mimi siimalizi. Kazi yangu ni kuifikisha mlangoni. Kufungua ni juu yenu. Nimekwisha kuitoa arusini, nimeitoa kilioni, nimeitoa kwenye foleni ya maji, na kila mahali watu wamebishana hadi wengine wakaondoka bila kuagana. Kwa hiyo nawaonya mapema: kama una rafiki unayempenda, leo kaa mbali naye kidogo.

Muheza palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Bi Tabu Singano alijaliwa vidole. Miaka thelathini na mmoja alikaa nyuma ya kioo cha benki akihesabu fedha za watu, na vidole vyake vikajua mambo ambayo macho hayayajui. Mfumbe macho, mpe noti, atakwambia ni ya shilingi ngapi, ni ya zamani au ya juzi, na kama iliwahi kufuliwa ndani ya mfuko wa shati. Wenye maduka walimwogopa. Noti ya bandia ikifika mkononi mwake haikuulizwa mara mbili.

Mzee Mhina alijaliwa kumbukumbu. Ujanani alikuwa karani wa vipande kwenye shamba la mkonge lililo nje ya mji. Kipande, kwa mliozaliwa juzi, ilikuwa kadi ya kazi yenye visanduku thelathini. Ukimaliza kazi ya siku, karani anatia alama kwenye kisanduku kimoja, na kadi ikijaa ndipo unapolipwa. Mzee Mhina alitia alama za watu mia sita, na mpaka leo ukimtajia jina la mtu atakutajia namba ya kipande chake, chumba alicholala na siku alizougua. Marehemu mkewe alikuwa akisema kuolewa na mtu asiyesahau ni adhabu.

Fundi Kaniki alijaliwa mikono isiyo na haraka. Ni mjalidi, ana kibanda nyuma ya soko, na hutengeneza misahafu iliyoachana, vitabu vya nyimbo za kanisani na madaftari yaliyoliwa na mende. Kwa umri angeweza kuwa mtoto wa hao wawili. Ukimpelekea kitabu Jumatatu, usimuulize Jumatano. Wateja humwita goigoi, kisha hurudi.

Sasa, Bi Tabu hakuishia kuzihesabu noti. Alizikusanya pia, na alikusanya za aina moja tu: zile za kwanza zenye jina la nchi yetu, za mwaka sitini na sita. Aina zake zilikuwa nne: ya shilingi tano, ya kumi, ya ishirini na ya mia. Ya tano aliipata ndani ya kitabu cha sala ambacho Kaniki alikuwa akikishona upya. Ya ishirini ilitoka nyuma ya fremu ya picha ya arusi, imekunjwa na kushindiliwa ili picha isicheze. Ya mia alibadilishana na mjane wa mwuza mbao, na kilichotoka kwa Bi Tabu kilikuwa cherehani nzima na meza yake. Wanawe walimcheka sana.

"Mama, hizo hazinunui hata chumvi," binti yake alimwambia.

"Ndiyo maana hakuna anayekuja kuniazima," akajibu.

Ya kumi ilimkimbia. Na hapo pana jambo ambalo Bi Tabu hakuwa akimwambia mtu. Noti zile zilipoondolewa kwenye matumizi, yeye ndiye aliyefungiwa wiki nzima kwenye chumba cha nyuma akizitoboa kwa mashine, bunda baada ya bunda, ili zipelekwe kuchomwa. Alikuwa msichana, kazi bado mpya, hakuuliza. Vidole vinavyoijua noti ya kumi kuliko vidole vyote vya Muheza ndivyo vilivyoiua. Kila alipofungua albamu akaiona ile nafasi tupu aliona haya, na haya ile ilimfanya mkali kwa yeyote aliyezitaja noti zake kwa jina la makaratasi.

Asubuhi moja mlango wake ukagongwa na mwanamke mrefu, mkavu, wa miaka themanini na ushei, mkononi fimbo ambayo alionekana kuibeba zaidi ya kuiegemea.

"Wewe ndiye unayetafuta shilingi kumi ya mkonge?"

"Shikamoo mama. Ndiye mimi."

"Marahaba. Mimi ninayo. Ila iko ukutani."

Jina lake Bibi Semeni. Alikaribishwa, akakataa kiti chenye mto, akakaa kwenye kigoda, akaeleza. Mumewe, Mgaya, alitoka Njombe kuja kutafuta kazi kwenye mkonge, wakaoana, wakapewa chumba kwenye laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi. Mgaya alikuwa mwanikaji. Katani ikishatoka mashineni imelowa, yeye na wenzake ndio walioitandaza juu ya nyaya ikauke, jua la Tanga likiwachoma kisogo. Mwaka fedha mpya zilipotoka, siku ya malipo, akaipata noti ya kumi. Akaigeuza. Nyuma yake akaona katani imeanikwa.

"Alikuja nyumbani moja kwa moja," Bibi Semeni alisema. "Akaniomba uji wa muhogo uliobaki. Akaipaka ile noti uji, akaibandika ukutani juu ya kitanda, picha ya katani ikitazama nje. Namuuliza, Mgaya, unga tutanunua na nini? Ananiambia, hii ndiyo fedha ya kwanza niliyoona nimo ndani. Fedha ya kuninunulia unga nitaitafuta nyingine."

"Hukumgombeza?"

"Nilimnunia siku tatu. Jirani naye akaja kumtisha, akamwambia umeugeuza uso wa mkubwa wa nchi utazame ukuta, watakuja kukukamata. Mgaya akasema uso wa mkubwa nitauona kila mahali, kazi yangu nitaiona hapa tu."

Bi Tabu alicheka, kisha akajikuta anafuta jicho kwa upindo wa kanga.

Yaliyofuata ndiyo yaliyoifanya noti iwe ukutani mpaka leo. Kila mwaka kabla ya ukaguzi uongozi wa shamba ulitoa amri: vyumba vyote vipakwe chokaa, ndani na nje, na kilichobandikwa kibanduliwe. Wengine walibandua kalenda zao na picha za timu zao. Mgaya hakubandua. Alichukua brashi akapaka chokaa juu ya noti kwa mkono wake mwenyewe. Wanataka ukuta mweupe, alimwambia mkewe, waukute mweupe, na mimi najua nalala chini ya nini. Mwaka uliofuata akapaka tena, na uliofuata, mpaka alipokufa. Shamba likafa, Bibi Semeni akahamia kwa binti yake, wapangaji wengine wakaingia, nao wakapaka chokaa bila kujua.

"Na sasa kuna nini, mama?"

"Kesho kutwa Faraji anavunja laini zote."

Faraji tunamjua wote. Ndiye aliyenunua lile shamba, nyumba ya meneja akaigeuza hoteli, na sasa anataka laini za wafanyakazi ziondoke apate mahali pa kuegesha magari. Ni mtu wa salamu na tabasamu. Kwenye kuta za baa yake ametundika kofia ya meneja, majembe, visu vya kukatia mkonge, na vipande vya wafanyakazi ndani ya fremu za dhahabu, kwa sababu wageni wanapenda historia. Bibi Semeni alikwenda kumwomba ruhusa ya kuutafuta ukuta wake. Faraji alimsikiliza vizuri, akamwagizia soda, kisha akasema, "Bibi yangu, mimi nimenunua kiwanja na kila kilichosimama juu yake. Ikipatikana, tutaiweka hapa, kati ya hizi."

"Nikaiacha soda yake mezani," Bibi Semeni alisema. "Mgaya hakuruhusiwa kupanda ngazi za nyumba ile hata siku moja. Nani kamwambia noti yake inataka kupanda?"

Siku hiyohiyo Bi Tabu alimfuata Mzee Mhina, akamfuata Kaniki. Mzee Mhina hakuhitaji kubembelezwa. Aliwahi kuingia baa ile kumwona mpwa wake anayefanya kazi jikoni, akauona mwandiko wake mwenyewe ukutani, alama zake, siku za watu aliowazika, na chini yake meza ya bia. Alitoka bila kumwona mpwa. Kaniki aliuliza jambo moja tu, kama kuna mahali pa kuchemshia maji.

Siku ya kuvunja, saa nne ya asubuhi, wakakuta katapila limekwisha kufika na injini inanguruma. Laini zilikuwa tatu, vyumba vimefuatana, milango imeng'olewa, kuta nyeupe zote. Faraji alikuwepo na viatu vyake safi. Kabla hajawasalimu, Bibi Semeni alipita mbele yake, akatandika kanga chini mbele ya katapila, akakaa, akainyosha miguu.

"Mama yangu, tafadhali. Tusifike huko," Faraji akasema.

"Mimi nimekwisha kufika."

Dereva akazima injini. Faraji akamtazama, akamtazama Bibi Semeni, akawatazama vibarua waliokuwa wameacha sululu kuangalia. Akaangalia saa yake. "Nawapa saa moja," akasema. "Saa tano kamili sitaki kumwona mtu hapa."

Kumbukeni maneno hayo, yatawasumbua.

Bibi Semeni, akiwa palepale chini, akanyosha fimbo. "Laini ya kati. Chumba cha tatu kutoka huku."

Wakaenda chumba cha tatu. Kuta nyeupe, dirisha dogo, alama ya moshi pembeni. Bi Tabu akakunja mikono ya gauni, akiwa tayari kuanza. Mzee Mhina akabaki mlangoni, anatikisa kichwa.

"Sicho," akasema.

"Mwenyewe amesema cha tatu, mzee."

"Shemeji yangu anahesabu kwa jicho la zamani. Laini hii ilikuwa na vyumba kumi na vinne. Viwili vya mwanzo vilivunjwa pakajengwa tangi, mwaka aliozaliwa binti wa Lukasi wa mashineni. Mgaya, kipande namba mia nne kumi na nane, alilala hapa." Akarudi nyuma milango miwili, akaweka kiganja kwenye ukuta wa chumba cha kwanza kabisa. "Cha tatu ndicho hiki. Tangi lenyewe liko wapi? Limeuzwa chuma chakavu."

Bibi Semeni alipopelekewa habari aliruka. Yeye alizaa watoto watano ndani ya chumba kile, karani atamfundisha? Mzee Mhina alikwenda mwanzoni mwa laini, akafukua kwa kisigino, akawaonyesha msingi wa tangi chini ya majani. Bibi Semeni akasema basi fanyeni haraka, kana kwamba wao ndio waliochelewesha. Robo ya saa ilikuwa imekwenda.

Chumbani kuta ni nne, na kitanda cha Mgaya kilihamishwa kila paa lilipovuja. Ukibomoa ovyo unaibomoa na noti. Bi Tabu akavua pete, akafumba macho, akaanza kuupapasa ukuta wa kaskazini. Chokaa ya miaka hamsini ilikuwa nene na baridi. Alikwenda taratibu, kiganja kwa kiganja, moyo unamwenda mbio na vidole akivizuia visiufuate. Kwenye ukuta wa pili akahisi ukingo. Kaniki akakwangua, ikatoka karatasi ya gazeti, tangazo la sabuni. Bi Tabu alitaka kulia. Alijiambia kwamba vidole vyake vimezeeka, kwamba pengine noti hizi zimemkataa na zina haki.

Akaendelea. Ukuta wa tatu, usawa wa kifua, vidole vikasimama vyenyewe. Ulikuwa ukingo mwembamba sana, pengine ukucha tu ungeuhisi. Akaufuata kulia, akaufuata chini, akafungua kiganja kuupima. Upana ule aliujua. Alikuwa ameushika mara elfu nyingi, wiki nzima, kwenye chumba cha nyuma.

"Ipo hapa," akasema.

Ilikuwa imebaki nusu saa, au chini ya hapo. Kaniki akawasha jiko la mkaa alilokuja nalo, akateleka birika, akakaa kungojea maji kama mtu aliye kwenye mapumziko. Mzee Mhina alianza kuzungukazunguka. Maji yalipochemka Kaniki akachovya kitambaa, akakikamua, akakiweka juu ya chokaa, akahesabu, akakitoa, akaweka kingine. Kwa mfupa wake wa kukunjia karatasi akawa anaondoa chokaa tabaka kwa tabaka, mwaka kwa mwaka. Kidogo kidogo pakaanza kuonekana kijani.

Nje injini ikawaka. Faraji akaingiza kichwa mlangoni. "Dakika kumi, wazee wangu."

"Fundi, ivute," Mzee Mhina akasema. "Ivute, ichanike ukingo, afadhali nusu."

"Sivuti."

"Watatuangushia ukuta."

"Wauangushe. Mimi sijawahi kuvuta karatasi."

Bi Tabu alitaka kumtikisa mabega. Alijizuia, akashika birika, akawa anamchovyea vitambaa. Kaniki alikuwa amefika kwenye uji. Uji wa muhogo wa Mgaya, wa mwaka sitini na sita, ukapata mvuke, ukalegea. Mfupa ukapita chini ya noti polepole, pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne iligoma, na Kaniki akaiacha, akaikata mahali pake, kipande kidogo kikabaki na ukuta. Noti ikamwangukia kiganjani. Mbele, uso ulikuwa umefifia mno, rangi nyingi imebaki ukutani. Nyuma, katani ilikuwa imeanikwa vilevile, kijani, kila mstari mahali pake.

Ilikuwa saa tano kasoro dakika tatu. Wakatoka, na Kaniki akaiweka noti juu ya kipande cha kadibodi, akampelekea Bibi Semeni palepale alipokaa. Aliitazama muda mrefu. Hakulia. Alisema tu, "Mjinga yule," kwa namna ambayo hakuna aliyemdhania amekasirika.

Kisha akasema, "Mimi siichukui."

Wote wakashangaa.

"Nimekwisha kuzeeka. Nikifa, wajukuu wangu wataiuza kwa Faraji huyu hapa kabla watu hawajanyanyuka matangani. Nataka kumpa mmoja wenu, aliyeiokoa, iwe yake kabisa. Mmoja. Sitaki noti ya kugawana na sitaki kura. Kura ni ya watu waliochoka kufikiri. Nani kaiokoa?"

Hapo ndipo urafiki ulipoanza kuuma.

"Mimi sipendi kujisifu," Mzee Mhina akasema, akajisifu. "Lakini kama si kumbukumbu yangu, mngepapasa chumba cha watu wengine mpaka jioni. Nipe mimi, shemeji. Kaburi la Mgaya halina alama, kichaka kimelimeza, na anayeweza bado kulionyesha ni mimi peke yangu. Nitamfukia noti yake juu ya kifua. Mali irudi kwa mwenyewe, asije mtu akaitia kwenye fremu tena."

"Uizike?" Kaniki akauliza. Ndiyo mara ya kwanza siku ile sauti yake kupanda. "Nimeitoa kwenye chokaa uitie kwenye udongo? Ninyi wawili mlionyesha ilipo. Ilipo ilikuwepo tangu zamani, na ingevunjwa na ukuta wake. Aliyeitoa ni mimi. Nipe mimi, bibi. Nitaiweka kwenye kioo cha kibanda changu, barabarani, mtoto wa mkata mkonge apite aione bila kununua soda ya mtu."

"Jua la barabarani litaifuta kwa miaka miwili," Bi Tabu akasema. "Wewe fundi wa karatasi hulijui hilo?"

Bi Tabu akageuka kwa Bibi Semeni. Alikuwa amejiandaa kusema kwamba bila vidole vyake ukuta ungebaki ukuta. Aliyasema hayo. Alisema kwamba ana tano, ana ishirini, ana mia, na kwamba noti zile nne zilitoka pamoja na zinastahili kulala pamoja, kwenye giza na ukavu, zikaishi kuliko sisi wote. Halafu, bila kukusudia, akasema na lile jingine. "Mama, ya kumi nilizitoboa mimi. Benki. Maelfu. Nataka hii moja niilinde mpaka nife."

Mzee Mhina akamtazama. "Unataka malipo kwa kuua elfu na kuokoa moja?"

"Nataka nafasi," Bi Tabu akasema, "na sikuombi wewe."

Sasa Faraji, aliyekuwa amesimama pembeni, akakohoa. "Na mimi je?"

Wakamgeukia wote.

"Tuseme ukweli. Ukuta ni wangu, ningeweza kuuangusha saa nne. Nikatoa saa moja. Ondoeni saa yangu, kumbukumbu, vidole na mikono vitafaa nini? Nami nina mchango sawa na wenu. Nipeni, nitaiweka pazuri, niandike jina la Mgaya kwa herufi kubwa. Kwenye albamu ataiona mtu mmoja. Kaburini hataiona mtu. Kwangu watasoma jina lake maelfu."

Bi Tabu alihisi hasira inampanda mpaka masikioni, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba hakupata mara moja pa kuivunjia hoja ile. Saa ilikuwepo kweli. Waliitumia yote.

"Ile saa hukuitoa, Bwana Faraji," akasema mwishowe. "Kitu anachokitoa mtu ni kile ambacho angeweza kukizuia. Huyu mama alikaa chini. Ungempitia juu?"

"Ningemwondoa kwa adabu."

"Kwa mkono wa nani?"

Faraji akaangalia vibarua wake. Vibarua wakaangalia sululu zao. Ndipo dereva wa katapila akasema kutoka juu kwenye kiti chake, taratibu, "Bosi, mimi injini nilizima kabla hujasema kitu."

Basi, mwandikeni Faraji kwenye orodha au mfuteni, na yule dereva mwandikeni au mfuteni, shauri yenu. Mimi najua ningemfanyaje Faraji, lakini mimi si mwamuzi.

Bibi Semeni aliwasikiliza hadi wakaishiwa. Kisha akakichukua kile kipande cha kadibodi chenye noti, akakinyosha mbele yake kwa mikono miwili, na akawaangalia mmoja baada ya mwingine.

Mkitaka kuniambia wapokezane, mwaka huu kwa huyu na mwaka ujao kwa yule, mwenyewe amekwisha kukataa. Mkitaka kuniambia airudishe ukutani, ukuta ulianguka saa tano na dakika kumi, nilikuwepo, vumbi lilinifika mpaka kwenye meno. Bi Tabu amesimama hapo, albamu iko nyumbani na nafasi moja. Mzee Mhina amesimama na kaburi analolijua peke yake. Kaniki ana mikono bado imelowa. Hakuna aliyefanya kazi ya mwenzake, na hakuna ambaye ungemwondoa kazi ikakamilika.

Mikono ya Bibi Semeni imeanza kuchoka. Wewe uliyekaa hapo mbele, na wewe unayejifanya umesinzia: noti hii mnampa nani? Na ukishamtaja, usiniambie mimi. Wageukie wale wawili waliokosa, uwatazame usoni, uwaambie kwa nini.